Dada Yoi, Aliyewarudisha Watu wa Dong Kham kwa Lango la Mashariki

Tarehe thelathini Septemba, milango ikishafungwa, Dada Thongyoi Phonsaen atastaafu baada ya kuitumikia Hifadhi ya Kihistoria ya Prasat Dong Kham kwa miaka thelathini na nne. Jioni hiyohiyo watumishi wa serikali wa rika lake nchi nzima watavua sare, kwa hiyo kutakuwa na keki nyingi na vilio vingi kila mkoa. Sisi tunasema bila aibu kwamba anayeondoka hapa ni mkubwa kuliko wanaoondoka kwingine. Wenye wivu waje wabishane na sisi kwenye sherehe, chakula kipo.

Kamati iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu niliwaambia watafute mtu mwenye lugha nzuri, mimi ni mtu wa ulinzi na viwanja. Dada Yoi akadakia kutoka upande wa pili wa meza, "Aandike Wichian. Kuna mambo ya kwangu ambayo yeye ndiye anayajua, na anajua kwa nini anayajua." Watu walicheka. Mimi sikucheka sana. Basi naandika, na yale magumu nitayasema humuhumu, kwa sababu ukiyatoa hayo, ushindi wake hauelezeki.

Alianza kazi kwenye dirisha la tiketi akiwa msichana wa miaka ishirini na sita. Hakukaa sana. Mkuu wa wakati ule aliona foleni haisogei, akaenda kuchungulia, akamkuta anamhoji mzee mmoja kutoka Khon Kaen kama magoti yake yataziweza ngazi za hekalu, na kama mkewe amebeba maji. Nyuma watu wanalalamika kwenye jua. Mkuu akamtoa pale, akampa meza ya pembeni na simu, akamwambia ashughulike na wanaotaka kupanga ziara. Alidhani anamwadhibu. Kumbe ndiyo ameianzisha Meza ya Ziara, ambayo leo hifadhi nyingine zinakuja kujifunza kwetu.

Ukitaka kuleta kundi Prasat Dong Kham, unampigia Dada Yoi. Hakuulizi kwanza mko wangapi. Anauliza, "Nani kati yenu anatembea polepole kuliko wote?" Ukishamtaja, huyo ndiye anawekwa mbele ya msafara. Mwalimu mmoja alimjia juu, "Dada, huyo mtoto atatuchelewesha wote!" Akajibiwa, "Mwalimu, mawe yako hapa miaka elfu. Unadhani yataondoka saa nane?" Kuna mabwana wa kuuza magari waliokuja kutoka Bangkok wakasema wana saa moja tu na wanataka kuona kila kitu. Aliwaambia warudi na helikopta. Walicheka, wakabaki mpaka jioni, na mmoja wao hutuma salamu kila Mwaka Mpya.

Msidhani hakuwahi kukosea. Aliwahi kuwapangia ziara watawa wa hekalu moja la wilaya jirani. Alipanga vizuri kabisa: kivuli, maji, mikeka, na chakula kizuri kikiwasubiri mwisho wa ziara, kule juu. Watawa wakapanda taratibu, wakasoma kila jiwe, wakafika kwenye chakula jua likiwa limeshapita utosini. Na mtawa wa Kibudha hali kitu adhuhuri ikishapita. Wakakaa mbele ya samaki wa kuchoma na wali wa kunata, wakavitazama kwa utulivu. Abate akamwambia, "Mama, umetupangia ziara ya kutupima imani." Dada Yoi alikimbilia stoo akalia, kisha akatoka anacheka, na chakula kile tulikila sisi. Tangu siku hiyo ziara zake zote huanza kupangwa na tumbo, halafu miguu, halafu ndiyo historia.

Zile mbao za kupitishia viti vya magurudumu ni zake. Mimi nilisema zitaharibu mandhari. Alimwita fundi siku niliyokuwa nimesafiri, na niliporudi nikamkuta bibi wa mtu yuko kwenye ukumbi wa ndani, amekaa kwenye kiti chake, anatazama juu mdomo wazi. Sikuzigusa zile mbao. Vile viti vya chini ya miti, ni vyake. Lile pipa la maji ya baridi pale lango la mbele, ni lake, na bado analijaza mwenyewe.

Sasa nifike pale ninapopaogopa.

Watu wa Dong Kham walikuwa wanaishi ndani. Nyumba zao zilikuwa kati ya hekalu na bwawa la kale, ndani ya ukuta wa mawe, tangu enzi za mababu wa mababu. Hifadhi ilipopanuliwa mpaka kwao, walihamishiwa ng'ambo ya barabara. Mimi niliajiriwa mwaka huo, kijana, sare ya kaki bado inanuka duka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuondoa kitu cha mwisho kilichobaki: kijumba cha Pu Ta, pale kwenye miti karibu na lango la mashariki. Pu Ta ni Babu, roho inayokilinda kijiji. Hajengi mtu, haoi mtu, hasafiri mtu kabla ya kumwambia.

Nilileta lori lenye winchi. Tukakinyanyua kijumba mara moja, tukakitupia juu ya lori, na kule kijiji kipya nilikuwa nimeshajenga kingine cha saruji chenye vigae vyekundu. Nilijiona fundi wa mambo. Dada Yoi alitoka mezani kwake akaja mpaka kwenye lori.

"Mdogo wangu, umemwomba ruhusa?"

"Barua ninayo, Dada. Ina muhuri."

"Sijakuuliza habari ya muhuri. Nimekuuliza habari ya mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba nimempigia, hapokei," nikasema, na vibarua wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikitazama kile kijumba kwenye lori, akarudi mezani.

Watu wa Dong Kham hawakupeleka hata kuku mmoja kwenye jumba langu la saruji. Baba Bunma, ambaye ndiye mjumbe wa Pu Ta na msemaji wake, alisema maneno ambayo bado yako masikioni mwangu: "Mmebeba nyumba. Mwenyewe mmemwacha amekaa chini." Kwa hiyo kila mwaka, siku ya Babu, walikuwa wanakuja kusimama nje ya uzio, wanainua sinia kuelekea kwenye ile miti. Mwaka mmoja niliwatuma walinzi wawaondoe. Tulikuwa na wageni wakubwa, na moshi wa ubani wao ulikuwa unaingia kwenye picha. Wazee waliondoka na masinia yao. Lango la mashariki nikalifunga kwa mnyororo.

Baada ya hapo hakuna mtu wa Dong Kham aliyekanyaga hifadhini. Watu walitoka Japani kuja kuona mahali hapa, na kijiji ambacho ukiita kutoka ukutani wanakusikia hakikuja. Shule yao ikiletwa, watoto wa kijiji hicho siku hiyo wote wana homa. Kila mwaka Dada Yoi alileta kwenye kikao mpango wa kuwaingiza, na kila mwaka mimi niliupinga. "Lango la watu wote ni lile la mbele," nilikuwa nasema. "Wakitaka waje kama wengine." Nilisema wao ni wakaidi. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwatazama usoni. Sasa nimesema.

Mwaka huu mkuu wetu mpya alimwuliza, "Dada Yoi, ni mwaka wako wa mwisho. Tukufanyie nini?"

Alijibu hapohapo. "Nataka Dong Kham waingie kabla mimi sijatoka."

Mkuu akanigeukia, akasema niende naye kijijini. Hakunipa nafasi ya kuumwa.

Tulimkuta Baba Bunma kwenye kibaraza anasuka tenga, na Bibi Khamphan yuko pembeni yake anatafuna tambuu. Bibi Khamphan alizaliwa ndani ya ukuta na alihama akiwa na watoto tayari. Nilitaka kuanza vizuri, nikasema, "Baba, Mama, kiingilio hamtalipa. Mtaingia bure."

Baba Bunma akaacha kusuka. "Bure? Mimi niingizwe bure kwa babu yangu, kama mtoto wa shule?"

"Basi... mnaweza kulipa," nikasema.

Bibi Khamphan alicheka mpaka ikabidi ateme tambuu. "Yoi, huyu si ndiye yule wa lori? Mjinga vilevile. Kaongeza mvi tu!"

"Ndiye, Mama," Dada Yoi akasema. "Nimemleta mumwone." Kisha akakaa chini kabisa, akakunja miguu pembeni kama anakaa mbele ya wakwe. "Mimi nami ni mjinga, Mama. Miaka yote nimepanga namna ya kuwaingiza nyinyi, kama vile wageni ni nyinyi. Wageni ni sisi. Tuliingia kwa Babu hatujabisha hodi, na mpaka leo hatujabisha."

Baba Bunma alirudia kusuka, akapitisha ufito mmoja, akapitisha wa pili.

"Mtabisha lini?"

"Siku ya Babu, Baba. Mkikubali."

"Na sinia atabeba nani?"

Wote watatu wakanitazama.

"Babu akikataa kuku wenu, hatuingii," Baba Bunma akasema. "Na msije tena kunisumbua. Nimezeeka, sina nguvu ya kukataa kila mwaka."

Ndivyo mambo yalivyowekwa. Ingekuwa siku moja, kuku mmoja, na jibu moja. Dada Yoi aliipanga ziara ile kama anavyopanga nyingine zote. Aliulizia magoti ya kila mzee wa Dong Kham. Alipata matrekta madogo yenye tela ya kuwabeba wasioweza. Alipanga wali wa kunata uive lini na mikeka itandikwe wapi. Wafanyakazi wote tuliambiwa tuje kwa sare na tusimame nje ya lango. Mnyororo niliukata mwenyewe, lakini lango likaachwa limefungwa. "Wewe shughulika na kuku," akaniambia. "Kuku tu, Wichian. Hilo nalo litakushinda?"

Siku ilifika. Kijiji kizima kilikuja, hata waliohamia mjini. Tulipiga magoti nje ya lango, mkuu wetu yuko mstari wa mbele pamoja na wafagiaji. Nikainua sinia lenye maua, mishumaa, pombe ya mchele na kuku wa kuchemsha. Nikaanza kusema taratibu.

"Sema kwa nguvu," Baba Bunma akanikatiza. "Mzee wa watu ana umri mkubwa. Unadhani anasikia minong'ono?"

Basi nikapaza sauti, kijiji kizima kinasikia. "Babu, ni mimi Wichian! Nilibeba nyumba yako bila kukuuliza. Nikawafukuza wajukuu zako pale kwenye uzio. Nimekosa. Tunaomba radhi, na tunaomba ruhusa ya kufanya kazi kwako!"

Kwetu jibu huja kwa mifupa. Mjumbe huvuta ile mifupa midogo ya chini ya ulimi wa kuku. Ikitoka imenyooka na imelingana, Babu amekubali. Ikijikunja, kila mtu aende nyumbani kwake. Baba Bunma akavuta, akaitazama, akaigeuza. Ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, na mmoja umevunjika.

Wazee wakaanza kukunja mikeka. Hakuna aliyetusema vibaya, ingekuwa afadhali watuseme. Nilimtazama Dada Yoi. Alikuwa bado amepiga magoti, mikono imekutanishwa kifuani, na machozi yanashuka tu wala hayafuti. Miaka thelathini na nne, na ziara aliyoitaka kuliko zote ilikuwa inapanda tela kurudi nyumbani.

Hapo Baba Bunma akamnusa yule kuku.

"Kuku huyu amezaliwa wapi?"

"Sokoni, Baba."

"Sokoni kuku anauzwa. Nimekuuliza amezaliwa wapi."

"Sijui, Baba. Nilimkuta kwenye barafu. Nilichagua aliyenona zaidi."

Kisha Bibi Khamphan akapiga mkono pajani. "Kuku wa friji! Jamani, amemletea Babu kuku wa friji! Miaka yote hajaonja kitu, leo anakuja mtu wa sare na kuku wa kizungu mweupe hana hata ladha!"

Kicheko kikaanzia kwake, kikapita kwenye matela, kikafika kwetu tuliopiga magoti. Mkuu wetu alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Dada Yoi alicheka huku bado analia. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikachekwa na Dong Kham yote na nikaona ni heri.

"Ombi lenyewe hajalikataa," Baba Bunma akasema, anapangusa macho. "Amekataa huyu maiti. Leteni kuku."

Kabla hatujajua pa kukimbilia, Bibi Khamphan akaingiza mkono kwenye kikapu chake, akatoa jogoo wa kienyeji, mzima, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nilijua," akasema. "Watu wa ofisi huwaachii kuku."

Dada Yoi akamtazama yule jogoo, akamtazama mama mwenyewe. "Mama! Kumbe ulitaka tuingie."

"Nyamaza wewe. Chemsha maji."

Tukachemsha. Hakuna aliyekaa. Watoto walipanda ukutani na mimi, mkuu wa viwanja, sikuwashusha. Jogoo akaiva, Baba Bunma akavuta mifupa taratibu, akaiinua juu jua liipige. Ilikuwa imenyooka, imelingana, kama meno ya kitana kipya.

"Amesema ingieni!" akapaza sauti. "Nyote! Hata huyu wa friji!"

Sijawahi kusikia kelele kama ile pale Prasat Dong Kham, wala siku ya gwaride. Mtu akapuliza filimbi ya mianzi, mwingine akaanza kucheza na mkeka kichwani. Lango lilikuwa limeshika kutu, tukalisukuma pamoja, wenye sare na wasio na sare, mpaka likalia na kuachia. Bibi Khamphan alikuwa ameandaliwa tela na mto wa kukalia. Alilipita lile tela kama halioni. Alitembea mbele yetu sote, kwa haraka, mpaka mkuu akawa anatweta nyuma yake. Akapita bwawa, akapita miti, akasimama kwenye uwanja wa nyasi ambao mimi nimeusimamia ukikatwa maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kujua ni wa nani.

Akageuka, akatutazama tuliosimama pale.

"Vueni viatu," akasema. "Mko ndani kwangu."

Tukavua viatu kwenye nyasi, mkuu wetu akiwa wa kwanza. Alitandika mkeka wake yeye mwenyewe, akapigapiga mkeka pembeni yake kumwita Dada Yoi, akamwambia akae ale, amekonda.

Kijumba cha Pu Ta sasa kimejengwa upya kwa mbao, palepale pa zamani, na safari hii niliuliza kabla ya kushika nyundo. Ufunguo wa lango la mashariki anao Baba Bunma. Watoto wa Dong Kham hawapati tena homa siku za ziara. Wanakuja wanawaonyesha wenzao nyumba ya bibi ilikuwa wapi na nani alianguka kwenye bwawa. Hayo yote ni kazi ya mtu mmoja aliyeshindwa kila mwaka kwenye kikao, akarudi mwaka uliofuata na mpango ule ule, ukiwa umeboreshwa.

Bibi Khamphan ametuma ujumbe wa sherehe, nami nauweka hapa kama ulivyo: "Mwambieni Yoi asilie. Hastaafu, anahamia upande wetu." Kijiji kitakuja kumfunga nyuzi nyeupe mkononi ili roho yake isihangaike, na wameomba wapewe nafasi kabla ya hotuba, kwa sababu hotuba zetu wanazijua.

Dada Yoi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante. Kwa niaba yangu peke yangu, asante kwa kunipeleka nikapige magoti mahali nilipopaswa kupiga tangu ujana. Magoti yako yasikuume, nyumba yako isikose wageni, na wali wako uive kwa wakati. Na siku ukitukumbuka, njoo kwa lango la mashariki pamoja na wenyeji wenzako. Sisi tutakuwa tumekaa, tunasubiri mtukaribishe.